Sura ya Sita: Mchoraji Asamehewe, Mama Ntilie Alipe?

Swali hili huulizwa kwa namna mbili, kutegemea anayeuliza ni nani. Msanii wa Arusha atasema: "Mji wanauita wa utalii na sanaa, mbona hawatupunguzii hata ushuru?" Mama ntilie wa Soko la Kilombero naye atasema: "Mimi nalipa kila nikidaiwa, mwenye gitaa ana nini cha kunizidi?" Wote wawili wana haki ya kujibiwa, na huwezi kumjibu mmoja bila kumgusa mwenzake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Msamaha wa kodi ni ruhusa ya kisheria ya kutolipa kabisa. Kivutio cha kodi ni nafuu inayotolewa kwa makubaliano: ulipe pungufu, lakini kwa upande wako ufanye jambo ambalo serikali inalitaka. Mwekezaji wa kiwanda akipewa vivutio huwa hatushangai. Tumeshazoea kusikia habari hizo. Msanii akiomba kitu kama hicho ndipo watu huinua nyusi. Mimi naona ombi lake ni halali, ila mara nyingi analipeleka kwenye ofisi isiyo yenyewe.

Kodi ipi ni ya nani

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi inayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria. Maana yake ni kwamba halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikabuni kodi, wala haiwezi kufuta kodi ambayo si yake. Kodi ya mapato ni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ni ya TRA. Asilimia 5 inayokatwa tangu 2023 kwenye malipo ya watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni nayo inakwenda huko huko. Meya hata akiwa shabiki namba moja wa bendi yako, hizo hana la kuzifanya.

Tena ukitazama kwa karibu, kodi ya mapato siyo inayomuumiza msanii mdogo. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki Sh 4,000,000 halipi kodi hiyo kabisa. Mchoraji anayeuza turubai mbili kwa mwezi kwa Sh 60,000 kila moja anapata Sh 1,440,000 kwa mwaka. Ukimtangazia msamaha wa kodi ya mapato, umempa zawadi ya boksi tupu.

Kilicho mikononi mwa halmashauri kinatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982. Vinavyogusa sanaa ni hivi:

- ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya biashara;
- ushuru wa nyumba za kulala wageni;
- pango la vibanda, maduka na kumbi za halmashauri;
- ada za vibali, pamoja na vya burudani;
- leseni za biashara, ingawa viwango vyake vimepangwa na sheria ya nchi na halmashauri haiwezi kuvichezea peke yake.

Utaona kodi ya majengo haimo. Ilikuwa ya halmashauri, TRA wakakabidhiwa kazi ya kuikusanya 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme. Tumfikirie mchoraji aliyepanga chumba na baraza Kaloleni. Mwanzoni mwa mwezi ananunua umeme wa Sh 5,000 kwa simu, ujumbe unarudi, na kabla hajahesabu uniti anakuta Sh 1,500 imeshaondoka: kodi ya jengo la mwenye nyumba wake. Kiwango kilikuwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kikapanda 2023. Kwa ghorofa ni Sh 7,500 kwa kila sakafu. Kisheria mzigo ni wa mwenye nyumba, na mpangaji anapaswa kurudishiwa au kufidiwa kwenye kodi ya pango. Nani hasa anakwenda kumgongea mwenye nyumba kwa ajili ya Sh 1,500? Kwa hiyo kodi ambayo miji mingi duniani huitumia kuwavuta wasanii, hapa kwetu imetoka mezani kwa mkurugenzi na inalipwa na mtu ambaye hata jengo si lake.

Mlima mmoja, halmashauri tatu

Kabla ya kuuliza nani apewe nafuu, tutazame sanaa yenyewe iko wapi. Arusha haina mtaa mmoja wa wasanii. Sanaa yake imetawanyika kuuzunguka Mlima Meru, na mlima huo umegawanywa na halmashauri tatu: Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha inayolizunguka jiji, na Halmashauri ya Wilaya ya Meru yenye makao yake Usa River.

Mjini kuna hip hop, na hapo machalii wa Arusha hawana unyenyekevu, wala hawana sababu ya kuwa nao. X Plastaz walichanganya mistari ya mtaani na uimbaji wa Kimaasai hadi majukwaa ya Ulaya. Albamu yao ya *Maasai Hip Hop* ilitoka 2004. Wakaja Nako 2 Nako, wakaja Weusi. Nikki wa Pili wa Weusi aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe 2021, kwa hiyo yule ambaye zamani aliomba kibali akawa mtu wa kuombwa.

Ukitoka kwa kifodi, basi dogo la abiria, kuelekea Usa River na kupandisha Imbaseni, utakuta kituo cha UAACC. Kimejengwa na Pete O'Neal na mkewe Charlotte, ambaye wengi humwita Mama C, Wamarekani weusi waliokuwa katika chama cha Black Panther. Wameendesha pale studio ya kurekodi, madarasa ya uchoraji na muziki kwa vijana wa kijijini tangu miaka ya tisini. Kituo hicho kiko Meru, ingawa vijana waliopita pale wengi hutafuta hadhira yao mjini. Mbele zaidi kuna Momella, chini ya mlima, ambako John Wayne aliigiza katika *Hatari!*, filamu iliyotoka 1962 na kuyaonyesha mandhari ya Meru duniani kabla hatujawa na neno la kampeni ya utalii.

Barabara ya Fire kuna soko la vinyago na shanga ambalo kila dereva wa watalii analijua. Barabara ya Dodoma kuna Cultural Heritage, duka na jumba la sanaa lililofunguliwa 1994. Karakana iitwayo Shanga inatengeneza vyombo na mapambo kwa vioo vilivyokwisha kutumika, na mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Kwenye boma la Wajerumani, ambalo ni makumbusho ya historia asilia, kumekuwa na jukwaa la muziki bustanini. Na mitaa ya kuzunguka Mnara wa Saa kuna flaikacha, wale vijana wenye turubai zilizokunjwa kwapani, wanaomfuata mgeni hatua kwa hatua wakimfungulia simba, kisha twiga, kisha Wamaasai watano wenye shuka nyekundu.

Uwanja maarufu wa mji unaitwa Sheikh Amri Abeid. Wengi wanajua mechi na matamasha. Wachache wanajua kwamba huyo alikuwa mshairi, mwandishi wa kitabu cha kanuni za utungaji kilichotoka 1954, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na alifariki 1964 akiwa waziri mwenye dhamana ya utamaduni. Mshairi aliyewahi kuwa meya! Ungetegemea uwanja wenye jina lake uwe wa kwanza kuwapokea wasanii kwa bei ya chini. Lakini uwanja ni mali ya chama cha CCM, si ya jiji, kwa hiyo hata hapo baraza la madiwani haliwezi kupunguza bei.

Kuwa na halmashauri tatu kuna tatizo lake. Mchongaji wa Maji ya Chai anaiuzia kazi yake duka la mjini: kazi imefanyika Meru, ushuru wa huduma unaingia Jiji. Jiji likitoa nafuu, mchongaji huenda asiione. Meru ikitoa nafuu, duka linalomnunulia halimo katika mipaka yake.

Asilimia 0.3, kwa karibu

Ushuru wa huduma ndio chombo kikubwa kilichobaki. Kwa miaka mingi sheria iliuweka katika kiwango *kisichozidi* asilimia 0.3 ya mauzo, baada ya kutoa VAT na ushuru wa bidhaa. Neno "kisichozidi" lina uzito, kwa sababu linaweka dari na kuacha sakafu wazi. Halmashauri inaweza kutoza pungufu kwa kundi fulani la walipaji, ikipitia sheria ndogo, yaani sheria inayotungwa na baraza la madiwani kwa eneo lake na kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa.

Tufanye hesabu kwa hiyo asilimia 0.3. Duka la vinyago lenye mauzo ya Sh 60,000,000 kwa mwaka linadaiwa Sh 180,000. Ukilisamehe lote, umempa mwenye duka Sh 15,000 kwa mwezi, ambayo haitamfanya amnunulie mchongaji kinyago kimoja zaidi. Sasa chukua hoteli ya kitalii yenye mauzo ya Sh 2,000,000,000. Ushuru wake ni Sh 6,000,000. Ukimshushia hadi asilimia 0.1 atalipa 2,000,000 na kubaki na 4,000,000. Hapo mtu wa hesabu ataacha kalamu na kusikiliza sharti lako.

Kwa hiyo nafuu ya ushuru wa huduma hufanya kazi kwa wakubwa wanaowazunguka wasanii, na kwa wasanii wenyewe haina maana sana. Kinachomuumiza msanii kiko mahali pengine. Fikiria onyesho dogo Njiro: kiingilio Sh 5,000, wanategemewa watu 120, yaani Sh 600,000 mambo yakienda vizuri. Kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, mwandaaji ameshapita kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri kwa kibali, ameshawaza Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kwa usajili wa wasanii na wasimamizi wa hakimiliki kwa muziki utakaopigwa, ameshakwenda polisi kwa ajili ya usalama, na ameshalipa kianzio cha spika. Ada inayolipwa mbele, iliyo sawa kwa tamasha la watu elfu kumi na onyesho la watu mia, humwangusha wa mia. Mvua ya Machi ikinyesha siku hiyo, ada hairudi.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kodi kubwa si za halmashauri. Kodi ya majengo imehamia kwenye umeme. Ushuru wa huduma ni chambo cha wafanyabiashara wakubwa. Na msanii mdogo anabanwa na vibali na pango kuliko kodi yenyewe.

Wengine walifanyaje

Mexico wana utaratibu ambao kila nikiuhadithia watu hucheka kwanza, kisha wanauliza maswali. Tangu 1957 msanii anaruhusiwa kulipa kodi ya mapato kwa kazi zake: ampelekee mtoza kodi picha au sanamu badala ya pesa, idadi ikitegemea alizouza mwaka huo. Serikali imejikusanyia hazina ya sanaa ambayo isingeweza kuinunua. Ireland tangu 1969 imesamehe kodi ya mapato kwa waandishi, wachoraji na watunzi wa muziki, na leo ina kikomo cha yuro 50,000 kwa mwaka. Hizo zote ni nafuu za serikali kuu.

Karibu zaidi na mada yetu ni jimbo la Maryland, Marekani. Sheria yao ya 2001 iliruhusu miji kutenga maeneo ya sanaa. Mwenye jengo akilikarabati ili wasanii walitumie, ongezeko la kodi ya jengo linalotokana na ukarabati huo linaweza kupunguzwa hadi miaka 10. Kiingilio cha maonyesho ndani ya eneo kinaweza kusamehewa kodi ya burudani. Wazo ni zuri, lakini lina mtego unaojulikana: wasanii huuchangamsha mtaa, mtaa ukipendeza pango hupanda, na waliouchangamsha hufungasha virago. Mwenye nyumba anavuna mara mbili.

Kenya, Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti kodi mbili kwa majina: ya mali na ya burudani. Kaunti ya Nairobi ikitaka kupunguza kodi ya tamasha, inacho cha kupunguza. Sisi tukiuiga mfano wa Maryland au wa Nairobi neno kwa neno, tutajikuta tunagawa ambacho hatuna.

Sasa la mama ntilie

Hoja yake ni nzito, na jibu la "sanaa inaleta watalii" halitoshi; hata ubwabwa wake unawalisha madereva wa watalii. Kuna sababu nyingine ya kumsikiliza. Halmashauri kisheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Kila Sh 1,000,000 ambayo halmashauri inaisamehe, Sh 100,000 inapungua kwenye mfuko huo, na Sh 40,000 kati yake ni za wanawake. Kikundi cha mama ntilie kinachangia nafuu ya hoteli bila kuulizwa.

Hata hivyo, naye si mgeni kwenye nafuu. Desemba 2018 vilianza vitambulisho vya wajasiriamali: ulilipa Sh 20,000 mara moja kwa mwaka, na wenye mauzo chini ya Sh 4,000,000 hawakupaswa kusumbuliwa tena na ushuru wa kila siku. Mwaka 2017 wakulima wa Meru nao walipunguziwa ushuru wa mazao, kutoka hadi asilimia 5 ukashuka kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Nchi hii imewahi kuwaonea huruma wachuuzi na wakulima kwa maandishi. Wasanii hawaombi kitu kisicho na mfano.

Na mfuko huo wa asilimia 10 ndiyo fedha ya sanaa iliyo karibu kuliko zote, ila wasanii wengi hawaifuati. Mchoraji ni mtu wa peke yake, na mikopo hutolewa kwa vikundi. Lakini bendi ni kikundi. Akina mama wa shanga ni kikundi. Wapiga ngoma wa Ngaramtoni ni kikundi tangu zamani, kimekosa tu katiba ya ukurasa mmoja na akaunti ya benki.

Ningekuwa diwani

Ningeanza na vibali, kwa sababu hapo halmashauri haipotezi pesa nyingi. Ada ipangwe kwa ukubwa wa onyesho, na lile la watu wasiozidi 200 lilipe kidogo sana au lisilipe kabisa. Kisha pango: kumbi na vibanda vya halmashauri vinavyokaa vitupu siku za katikati ya wiki vitolewe kwa bei ya chini kwa mazoezi na maonyesho. Ukumbi mtupu hauingizi hata senti.

Ndipo ningegusa ushuru wa huduma, kwa hoteli na maduka makubwa tu. Sharti liwe nini? Wengi watasema: wauze vitu vilivyotengenezwa Arusha, maana madukani kuna vinyago vya mawe vinavyotoka Kisii, Kenya. Natahadharisha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe yako hapa mjini. Sheria ndogo ya kubagua bidhaa ya jirani itawafikia watu wa Jumuiya kwa miguu. Sharti bora ni la nafasi: hoteli itoe jukwaa linalolipa bendi siku fulani za mwezi, au chumba ambamo mafundi wanafanya kazi mbele ya wageni na kuuza bila kukatwa kamisheni. Hilo halimbagui mtu, na msanii wa Imbaseni analifaidi hata kama hoteli iko Njiro.

Masharti mengine mawili siyaachi. Nafuu iwe ya miaka mitatu, ikiisha iombwe upya. Na majina ya waliopewa, pamoja na kiasi walichosamehewa, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata. Nafuu inayofichwa huishia kwa wanaojuana. Halmashauri tatu za mlima zikipitisha maneno yanayofanana, lile tatizo la mchongaji wa Maji ya Chai litapungua, na kabla ya wageni wa mashindano ya soka ya AFCON 2027 kuanza kumiminika kwenye uwanja wa Olmoti kuna sababu ya kuharakisha.

Yote haya hupitia sheria ndogo, na sheria ndogo haipiti kimyakimya. Halmashauri hutakiwa kuitangaza rasimu kwa wananchi na kupokea pingamizi na maoni kabla ya kuipeleka kwa Waziri. Tangazo huwa ni karatasi ya kawaida kwenye ubao wa ofisi ya kata au mtaa, na wengi hulipita wakienda kugongewa mhuri wa barua ya utambulisho. Ukiwa msanii, au ukiwa mama ntilie, siku ukiliona lisome lote. Uliza ada mpya ni ngapi na nani amepunguziwa. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi, weka nakala kwa diwani wako, na uifikishe kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye tangazo.